Siki ya Bi Mdogo

Mwalimu wetu wa kemia alikuwa na mstari mmoja ambao hakutaka tuunakili. Alikuwa akituonyesha ubaoni jinsi utamu wa tende unavyogeuka siki. Juu aliandika sukari, chini akaandika siki, na katikati akaandika kitu kingine harakaharaka, akasema, "Hapa inapita tu, haikai," kisha akakifuta kwa kiganja kabla hatujashika kalamu. Matokeo yake, sisi wasichana wa darasa lile tumesahau karibu kila alichotufundisha, lakini mstari ule tunaukumbuka mpaka leo.

Huku kwetu Oman mwalimu wa kike huitwa Abla. Yeye alistaafu zamani, lakini mtaani kwetu Ibra hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Hata mwenye duka la mikate, mwanamume mwenye ndevu ambaye hakupata kukanyaga shule ya wasichana, humwita Abla na hunyanyuka akimwona. Nyumba yake na yetu zinagawana ukuta mmoja, kwa hiyo nilimjua darasani na nikamjua jikoni, na hao walikuwa watu wawili tofauti. Nani mtoto wa nani, na familia zetu zilikuja lini kutoka Unguja, waulizeni wazee; hayo wanayapenda kuliko kahawa. Mimi nitasema niliyoyaona.

Kitu cha kwanza ni pua yake. Wengine wakifika mlangoni hutoa salamu. Abla alinusa kwanza, ndipo akasema assalamu alaikum. "Leo mmekaanga vitunguu mara mbili," angesema. "Vya mwanzo viliungua." Na kweli vilikuwa vimeungua, na mama yangu alikuwa ameshavitupa nyuma ya nyumba ili asijue mtu. Maabara alitufundisha tusiinamie chupa, tuuvute mvuke kwa kiganja, kidogo kidogo, kuelekea puani. Ishara ile ya mkono alitembea nayo kila mahali. Aliifanya sokoni juu ya samaki, harusini juu ya sinia la biriani, na siku moja aliifanya juu ya mtoto mchanga aliyeletwa kuonyeshwa majirani. Mama mtu alikunja uso. Abla akasema kauli yake ya darasani, "Nusa kwanza, kisha sema," na akasema: mtoto alihitaji kubadilishwa nepi.

Alikuwa mtu wa kukataa hiki na kukifanya hikihiki. Darasani ukikosea gramu moja alikupigia kelele mpaka darasa la jirani likanyamaza, lakini jikoni kwake hapakuwa na mizani; kila kitu alikipima kwa kiganja na kwa jicho. Alisema anachukia umbea, na umbea wote wa mtaa ulipita barazani kwake kwa sababu ndiko kulikokuwa na kahawa nzuri. Aliendesha gari polepole hata malori yakamhurumia, na huku nyuma ya usukani akiwalaumu watu wote kwa uvivu. Chumvi aliitoa kwa kubana vidole, hata ungedhani anaitoa mwilini mwake. Siki aliitoa kwa chupa nzima.

Siki ndiyo iliyokuwa fahari yake. Aliitengeneza kwa tende za aina ya fardhi, ambazo hazina sukari ya fujo, alizozichambua mwenyewe moja moja. Aliziosha, akaziloweka kwa maji, akazitia katika mitungi ya udongo aliyoirithi kwa mama yake, akafunga midomo kwa kitambaa cheupe. Baada ya hapo ulianza muda ambao nyumbani kwake haukuwa na jina. Kitu kilikuwa kinachemka chenyewe ndani ya mtungi, si tende tena na bado si siki, na katika siku hizo hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kufunua, kuonja, wala kuuliza. Ukiuliza aliweka kidole mdomoni. "Imelala. Msiiamshe," alisema. Kwa mwanamke aliyefundisha kemia miaka yote ile, ilikuwa ajabu kumwona akipita mbele ya stoo yake mwenyewe kwa kunyata. Ulikuwa ni ule mstari wa katikati, na hapa hakuwa na jinsi ya kuufuta. Ilimbidi asubiri upite.

Kisha mitungi ilivunjika. Aliibeba kwenye gari kwenda Nizwa kumwonyesha mfinyanzi amtengenezee mingine ya namna ile, na barabarani akapita kwenye tuta kwa mwendo ambao, kwake yeye, ulikuwa wa kasi. Alilia. Nilimwona akilia uani huku ameshika kipande cha mdomo wa mtungi, na wala hakujificha. Nilikuwa sijapata kumwona mwalimu akilia, nikarudi ndani kimya kimya kwa kuwa sikujua la kufanya.

Mapipa aliyapata Al Mintirib, kule ukingoni mwa jangwa la mchanga. Kambi moja ya watalii ilikuwa ikibadilisha samani, na vitu vya zamani vikawekwa nje viuzwe: mazulia, taa, viti vya kukunja, na mapipa mawili ya mbao yaliyokuwa yakitumika kama meza pale mapokezi. Muuzaji alimwambia ni mapipa ya mapambo. Abla aliyavutia harufu kwa kiganja. Kila moja lilikuwa limekauka, limekaa juani miaka, na ndani moja lilikuwa na wekundu wa ganda la komamanga, la pili lilikuwa jeusi, limeunguzwa kwa moto tangu lilipotengenezwa. "Mbao hii imefanywa na mtu anayejua," alisema, na akayaleta nyumbani akiwa na furaha ya bibi harusi.

Aliyabandika majina. Lile jekundu akaliita Bi Mkubwa, kwa kuwa lilikuwa pole na lilichukua muda wake. Lile jeusi akaliita Bi Mdogo, kwa kuwa lilikuwa na ukali na halikutulia. Mumewe alikuwa ameshafariki wakati huo, Mungu amrehemu, na wanawake wa barazani walisema ndiyo maana ameweza kuleta wake wenza nyumbani bila ugomvi. Abla alicheka kuliko wote.

Sasa nieleze siki yenyewe, kwa kuwa mimi ni mtu wa kula na sitaki kuficha. Siki ya mitungi ilikuwa nzuri. Siki ya mapipa ilikuwa kitu kingine kabisa. Iliyolala kwa Bi Mkubwa ilitoka na rangi ya chai ya rangi, ukiionja ukali wake unakuja mwisho, baada ya utamu wa zabibu zilizokauka. Iliyolala kwa Bi Mdogo ilianza na moshi, kama moshi wa kuni za mgunga zinazopikia halwa, halafu ikaja vanila, halafu kitu cha joto ambacho hatukukijua, kilichoshuka kifuani na kukaa. Kijiko kimoja kwenye glasi ya maji baridi na asali, wakati wa jua kali, kilikurudishia roho. Nilipata kumwambia kwamba akiniozesha mtu yeyote, mahari yangu iwe chupa ya Bi Mdogo. Akanijibu kwamba chupa ni ya mtu mwenye adabu zaidi.

Baada ya alasiri wanawake walikusanyika barazani kwake na yeye akawamiminia tone tone katika vikombe vya kahawa. Huo ukawa mchezo wao. Kila mmoja ananusa, anaonja, anasema anasikia nini.

"Mie nasikia karafuu."

"Karafuu wapi! Hiyo ni ngozi. Kiatu kipya."

"Mie nasikia sanduku la marehemu bibi yangu, wallahi, lile la nguo za sikukuu."

"Weye kila kitu unasikia bibi yako."

Abla aliwasikiliza wote kwa uso wa mtahini, akitikisa kichwa au kukubali. Mwisho kabisa angemgeukia wifi yake, dada mkubwa wa marehemu mumewe, aliyeishi naye nyumba moja. "Na wewe wifi, unasikia nini?"

Wifi yake tulimwita Bibi. Alikuwa mzee mwenye tasbihi isiyotoka mkononi, mtu wa kuamka kuswali kabla ya jogoo, ambaye hakula chakula cha hoteli maisha yake yote na aliosha mboga za sokoni mpaka zikapauka. Televisheni ikionyesha jambo asilolipenda aligeuza kiti kizima. Akiulizwa anasikia nini, aliinua kikombe, akanusa kidogo, akanywa chote, akakiweka chini.

"Nasikia siki," alisema.

Wanawake walicheka kila mara. Tulidhani masikini Bibi hana pua. Lakini hakupata kukikataa kikombe, na wali wake haukuliwa bila kijiko cha Bi Mdogo juu yake. Abla alimwogopa na kumpenda kwa kiasi kilekile. Hakuna kitu nyumbani mle alichokifanya bila kujiuliza wifi atasema nini.

Na mtaa mzima uliitumia. Siku ya Idi hapa kwetu nyama ya shuwa hupakwa viungo vilivyosagwa na vitunguu thaumu na siki, hufungwa, na hushushwa katika tanuru moja kubwa la chini ya ardhi ambalo ni la mtaa wote. Kila nyumba ina mfuko wake na alama yake. Tangu mapipa yaje, siki ya mifuko yote ilitoka kwa Abla. Ilifika hata Sur, kwa binti yake aliyeolewa huko, ambaye aliimimina juu ya samaki wa kukaanga na kupiga simu kumsifu mama yake kwa kelele. Tanuru likifunuliwa watu walisema harufu ya mtaa wetu inajulikana mpaka barabara kuu. Abla alisimama mbali kidogo, mkono ukivuta hewa kuelekea puani, na akatabasamu.

Goti ndilo lililoleta balaa. Daktari alisema lifanyiwe upasuaji, Abla akachagua kwenda India kama watu wengi wa hapa, na kwa kuwa mwanawe wa kiume ana kazi Maskati na Bibi hapandi ndege, mimi ndiye niliyemsindikiza. Tulikaa yeye katikati, mimi dirishani, na upande wa njia akakaa bwana mmoja mwenye tai, mpole, aliyetusalimia vizuri. Ndege ilipotulia hewani bwana yule aliomba kinywaji, akaletewa kichupa kidogo, akakizungusha kifuniko.

Niliuona mkono wa Abla ukinyanyuka wenyewe na kuvuta hewa. Kisha ukasimama njiani.

"Anakunywa nini yule?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Abla, kila mtu na yake. Tazama mawingu."

"Nimekuuliza ni nini."

"Wiski."

Nikadhani amekereka kwa kukaa karibu na mnywaji, nikataka kumwita mhudumu tubadilishiwe viti. Akanishika mkono kwa nguvu hata pete yangu ikaniumiza.

"Ni Bi Mdogo," alisema.

"Bi Mdogo gani?"

"Pipa langu, mwanangu. Ile ndiyo harufu yake. Ule moshi, ile vanila. Pipa lile lilikuwa la kitu hicho." Alifunga macho. "Na Bi Mkubwa, ule wekundu. Ya Rabbi. Zabibu. Si mvinyo ule?"

Mara aliposema nami nikaisikia. Mwanamke huyu hakupata kunusa kitu kile maishani mwake. Alijua majina yake ya kisayansi, ndicho kile alichokiandika katikati ubaoni na kukifuta, angeweza kuandika muundo wake usingizini, lakini mapipa yalipomfikia yalikuwa makavu, na harufu iliyobaki katika mbao haikuwa na jina kwake. Bwana mwenye tai akamwuliza kwa Kiingereza kama anajisikia vibaya. Abla akamshukuru akageukia dirishani, akilia.

Hospitali walidhani anaogopa kisu. Alipopelekwa chumba cha upasuaji alikuwa akisoma istighfari, akimwomba Mungu msamaha, na mimi nilijua si kwa ajili ya goti. Alipozinduka neno lake la kwanza lilikuwa, "Nimemlisha wifi."

"Abla, pumzika."

"Mtu wa swala za usiku, mtu asiyekula hotelini. Kila siku mchana juu ya wali wake. Na mtaa mzima siku ya Idi. Na mama yako."

Nilimwambia amwulize shekhe. Siki ni siki, mimi mwenyewe nilikumbuka hivyo kutoka darasani kwake, na chombo kilikuwa kimeoshwa. Akatikisa kichwa. "Nitamwulizaje? Neno lenyewe nitalitamka vipi mbele yake? Na akisema haramu, nifanye nini? Nigonge mlango kwa mlango niwaambie watu walichokula Idi ile na ile? Niende Sur? Nimwambie wifi?" Ukweli, hofu yake yote ilikuwa hilo la mwisho. Shekhe angeweza kumsamehe kwa dalili na hoja. Bibi hakuwa na hoja; alikuwa na kiti chake cha kugeuza. Abla aliona kiti kile kikimgeuzia mgongo siku zote zilizobaki.

Aliporudi Ibra alifunga stoo kwa kufuli na ufunguo akauficha. Akawaambia watu mapipa yamepasuka. Mimi nilihamishiwa Nizwa kikazi muda si mrefu baadaye, na habari zake nilizipata kwa simu, nyingi kwa mama yangu: Abla haketi tena barazani; Abla amekonda; Abla ananunua siki ya dukani, ya chupa ya plastiki, nyeupe kama maji. Idi iliyofuata shuwa ya mtaa ililiwa watu wakisema mwaka huu nyama si mbaya, na hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Nikimpigia yeye mwenyewe aliniuliza hali ya hewa ya Nizwa. Mara moja tu alisema, bila mimi kuuliza, kwamba anaswali na haoni raha katika swala yake. Nilikata simu nikakaa ndani ya gari mbele ya ofisi, moyo mzito, mimi ambaye sina kawaida ya kukaa na huzuni.

Nilirudi Ibra siku moja kabla ya Idi nyingine. Nilipitia kwake hata kabla ya kuweka mkoba nyumbani. Nilimkuta uani amekaa na sinia la viungo mapajani, akimenya vitunguu thaumu bila kutazama. Nilipomwamkia shikamoo alisema marahaba bila kuninusa, na hilo likaniumiza kuliko ule wembamba wake.

Kabla sijakaa Bibi akatoka ndani, tasbihi mkono mmoja, bakuli tupu mkono wa pili.

"Ufunguo wa stoo uko wapi?"

"Stoo ina nini, wifi?" Abla alisema.

"Ina siki. Nyama inapakwa leo, na maji yale ya plastiki mie siyatii tena. Mwaka jana nimekula nyama kama naumwa. Lete ufunguo."

"Mapipa yamepasuka."

"Hayajapasuka. Ukuta wa stoo na kitanda changu ni mmoja, nalala nasikia harufu yake. Lete ufunguo, yallah."

Abla aliliweka sinia chini. Nilitaka kuondoka, lakini alinitazama kwa jicho la kuniomba nibaki, nikabaki. Akasimama, kwa shida ya goti lake, akasimama wima mbele ya wifi yake kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Wifi, nisamehe. Sikujua. Wallahi nilikuwa sijui, nimekuja kujua kwenye ndege. Mapipa yale kabla ya kuja kwetu yalikuwa ya... lile jeusi lilikuwa la..." Neno halikutoka.

"La wiski," Bibi alisema. "Na lile jengine la mvinyo. Sasa?"

Maneno mawili ambayo nyumba ile haikupata kuyasikia tangu ijengwe, yametoka katika kinywa kile.

"Ulijua?" Abla alisema.

"Toka siku yalipoteremshwa garini! Unguja tulikaa nyuma ya hoteli ya Wazungu. Dirisha la jiko letu lilitazama uani kwao, kila asubuhi wakiosha magilasi na kukung'uta mapipa. Mie harufu zile nimelelewa nazo. Wewe uliyaacha hapa uani ukaenda Sur kwa mwanao, ukadhani nani aliyashughulikia?"

"Niliyaosha mwenyewe nilivyorudi."

"Uliosha vumbi. Mie nilimpigia simu shekhe siku ileile. Nikamwambia kila kitu, kwa majina yake, kwani shekhe ni kama daktari, hafichwi kitu. Akasema yajaze maji, yamwage, yajaze, yamwage, mpaka uridhike, kisha tieni siki yenu mle. Nikamwuliza, na harufu je? Akasema harufu ya ubao haimlevyi mtu. Nikamlipa kijana wa bustani akanisaidia kuyabingirisha. Khalas."

"Na hukunambia!"

"Nikwambie nini? Mwalimu wa kemia! Nani angedhani hujui? Nilisema huyu anajua, ameona haya kunambia mimi, basi nimsitiri. Hata siku zile za mchezo wenu, unaniuliza unasikia nini, ulitaka niseme mbele ya wake za watu?"

Abla alikaa chini, pale pale, juu ya gunia la mchele. Kwanza mabega yalimtetemeka nikadhani analia. Alikuwa analia, lakini alikuwa pia anacheka, na kicheko kikashinda. Alicheka akishika goti lake la India, akasema alhamdulillah, akacheka tena, na Bibi aliyesimama na bakuli lake akajikaza kidogo, halafu naye akashindwa. Sikupata kuyaona meno ya Bibi kabla ya siku ile. Mimi nilikuwa nacheka kuliko wote wawili, na nilijua ni kwa sababu jiwe nililolibeba Nizwa na Ibra kwa ajili ya mtu mwingine lilikuwa limenidondoka.

"Mwaka mzima," Abla alisema akipangusa macho kwa mtandio. "Mwaka mzima nimekunyima siki."

"Si ungeniuliza."

"Na wewe si ungenambia."

Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye ncha ya mtandio uleule. Abla alifungua kufuli, na hewa ya stoo ikatutokea yote kwa pamoja, moshi na vanila na kile kitu cha joto ambacho sasa kilikuwa na jina. Alichota kwa Bi Mdogo, akajaza bakuli la Bibi kwa ajili ya nyama, kisha akatumiminia vikombe vitatu vya kahawa. Siki ilikuwa imelala zaidi ya muda wake wote wa kawaida, bila kuguswa. Rangi yake ilikuwa nzito. Mkono wa Abla ulinyanyuka juu ya kikombe, ukavuta hewa kidogo kidogo kuelekea puani, na nikamwona mwalimu wangu amerudi.

Akamgeukia Bibi, nusu kwa mchezo, nusu kwa woga wa zamani. "Haya wifi. Unasikia nini?"

Bibi alinusa. Safari hii hakuharakisha. Akaonja, akafumba macho.

"Mkaa wa jana," alisema. "Vanila. Ganda la chungwa. Mlango wa hoteli uliofunguliwa asubuhi. Wiski nzuri, si ile ya bei rahisi." Akafungua macho, akalinyakua bakuli lake kabla hatujasema neno. "Na siki. Tulikuwa na mifuko mingapi ya nyama?"

Abla alikuwa anaendelea kucheka, na alikuwa amenyoosha kikombe chake nje ya mlango, kuelekea kwenye ukuta wetu, akimwita mama yangu aje aonje.